Mmepandisha toleo la MySQL usiku bila kutuambia, halafu mnasema tatizo liko kwetu!

Wakuu, nina hasira tangu Jumamosi na bado hazijapoa.

Mimi ni fundi wa mifumo hapa Mwanza. Mmoja wa wateja wangu ana duka la dawa la jumla, mauzo na stoo yake yote viko kwenye MySQL, programu ya kuhifadhi data. Seva ya hifadhidata tunakodi kwa kampuni moja, jina naliacha, na kwa mkataba wao ndio wanaoisimamia. Sisi tuna akaunti ya kuingilia tu. Konfigi ya seva, yaani faili la mipangilio yake, hatuna ruhusa hata ya kuiona.

Jumamosi saa mbili kasorobo asubuhi dada wa kaunta ananipigia: "Kaka, mfumo haufunguki, na watu wameshajaa." Nikamwomba picha ya skrini. Kosa 1524: plagini (kipande cha nyongeza cha seva) ya mysql_native_password haijapakiwa. Moyo ukanidunda. Ijumaa jioni nilikuwa humo humo natoa ripoti na toleo lilikuwa 5.7. Nikapiga telnet kwenye poti 3306, mlango ambao MySQL hupokelea miunganisho, seva ikajitaja: 8.4. Wamepandisha usiku. Hakuna barua pepe, hakuna SMS, hakuna hata simu moja.

Kwa wasiofahamu: akaunti nyingi zilizofunguliwa enzi za 5.7 zinahakikiwa paswedi kwa njia hiyo ya mysql_native_password. Kwenye 8.4, iliyotoka 2024, njia hiyo imezimwa tangu mwanzo. Kwa hiyo ukipanda bila kuandaa akaunti, kila programu ya zamani inagonga mlango na kurudishwa, hata paswedi ikiwa sahihi. Dawa ya dharura ni mstari mmoja kwenye konfigi, mysql_native_password=ON, kisha unawasha seva upya. Nikafungua tiketi (ombi la msaada) kwao saa mbili na dakika ishirini na mstari huo nikawaandikia.

Jibu limekuja saa tano kasoro: "Ndugu mteja, seva yetu inafanya kazi vizuri. Tatizo liko kwenye programu yenu, wasiliana na aliyewatengenezea." Aliyewatengenezea ni mimi, na ndiye niliyefungua tiketi!

Muda huo nilishafika dukani. Dada ameshika daftari la mistari, anaandika mauzo kwa kalamu. Bei ziko ndani ya mfumo. Bechi na tarehe za kuisha muda ziko ndani ya mfumo. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Ukerewe, ana duka la dawa kule, karatasi ya oda imekunjwa mkononi, anaangalia saa kwa sababu anawahi meli ya kurudi Nansio. Mwenye duka akakataa kutoa dawa za sindano bila kuona bechi, na alikuwa na haki kabisa. Yule mama kaondoka na nusu ya oda yake. Nyie mlioko huko ofisini mnaona "muunganisho umekataliwa", sisi tunamwona huyo mama.

Halafu wakaharibu zaidi. Bila kuniuliza, wakaihamisha akaunti yetu kwenda caching_sha2_password, njia mpya ya kuhakiki paswedi. PHP yetu, lugha iliyoandikiwa programu ya mauzo, ni 7.2, na PHP inaielewa njia hiyo kikamilifu kuanzia 7.4.4. Sasa kosa likawa 2054, seva inadai njia ambayo programu haiijui. Saa nane mchana ndiyo nikapata fundi wao kwa simu, kijana msikivu, akaweka ule mstari na kuirudisha akaunti ilivyokuwa. Dakika kumi tu. Mstari ule ule wa saa mbili na ishirini!

Mlango ulipofunguka yakaja mengine, hayo nikayamaliza mwenyewe. Laravel 5.4, kiunzi cha PHP tulichojengea programu, ikiunganishwa inadai mpangilio wa NO_AUTO_CREATE_USER, ambao uliondolewa kwenye MySQL tangu 8.0, ndiyo kosa 1231. Niliorodhesha modes (mipangilio hiyo) kwenye config/database.php bila huo, likaisha. Programu ya ripoti ni ya Java, dereva yake (kiunganishi cha Java na MySQL) ya zamani ya 5.1 inaulizia query_cache_size, mpangilio ambao ulishafutwa kwenye seva. Nikabadilisha dereva, ile mpya ikagoma kwa sababu haielewi saa za seva zikiandikwa "EAT", yaani saa za Afrika Mashariki. Hapo lazima uongeze serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam kwenye anwani ya muunganisho. Wenye Java hapa Afrika Mashariki liandikeni hilo pembeni, litawakuta mkiwa na dereva ya 8.0 iliyotangulia 8.0.23.

Najua kuna watakaosema programu zangu ni za zamani. Kweli, na sehemu hiyo ni yangu, naibeba. Sipingi kupanda pia. 5.7 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2023, na ile njia ya zamani inategemea SHA-1, mbinu ya kuficha paswedi ambayo sasa ni dhaifu. Lakini MySQL Shell, zana ya MySQL yenyewe ya kusimamia seva, ina amri ya util.checkForServerUpgrade(). Unaiendesha kabla ya kupanda, inakuonyesha akaunti zenye njia ya zamani na mengine ya kurekebisha. Wangeiendesha, wakatupa seva ya majaribio hata wiki moja, ningekuta yote haya nikiwa nimekaa na chai yangu, si mbele ya foleni ya wateja.

Na kurudi nyuma hakuna. Niliwaomba waturudishie 5.7. Mafaili ya data yakishapanda hayashuki, ni mpaka upakie bakapu ya zamani, na bakapu yao ya mwisho ilikuwa ya Alhamisi usiku. Yaani mauzo yote ya Ijumaa yangepotea. Mtu anapandisha toleo la hifadhidata ya watu bila kuchukua bakapu usiku huo huo! Hili ndilo silisamehi.

Alhamisi hii mimi na mwenye duka tunakutana nao. Kama kuna mdau ana mkataba wenye kifungu cha kupewa taarifa na seva ya majaribio kabla ya kubadili toleo, naomba aniwekee maneno yake hapa. Nataka niende nayo yameshaandikwa, watie saini au tuhame.