Mwalimu kuwatoza tuisheni wanafunzi wake wa kidato cha sita: ipigwe marufuku au iachwe?

Mama PCB, Buhongwa (mtoa mada)

Wadau wa Mwanza, habari za jioni. Nina kijana wa kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), shule ya kutwa hapahapa mjini. Serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, nilishukuru sana. Sasa naona ile ada inarudi kwa mlango wa uani. Mwalimu wake wa kemia anaanza topiki darasani vizuri tu, akifika penye ugumu, elektrokemia au zile mekanizimu za ogani, anafunga kitabu: "Hii tutaipigia pindi jioni." Pindi la jioni ni la kulipia. Chumba cha kupanga nyuma ya maduka, mwalimu yuleyule. Asiyelipa abaki na nusu topiki yake.

Sisemi tuisheni ni haramu. Nasema mwalimu asiruhusiwe kumtoza mtoto anayemfundisha asubuhi. Akitaka kufundisha wa shule nyingine, sina neno. Mnasemaje?

Fundi wa Igogo

Walipeni walimu vizuri, yaishe.

Mwalimu wa Nyamanoro

Mama, heshima yako. Mimi nafundisha kemia, na natumaini huyo unayemsema si mimi. Anayeficha topiki ana kesi ya nidhamu, mkuu wa shule ammalize. Lakini mkipiga marufuku kama unavyotaka, mtamuumiza mtoto kuliko mwalimu, na nitakwambia kwa nini.

Kemia ya kidato cha sita ina mapepa matatu. La kwanza na la pili ni nadharia, hayo hata kijana aliyemaliza mwaka jana anaweza kumsaidia mwenzake. La tatu ni la vitendo, na hapo ndipo wanapodondoka wenye akili. Chukua titresheni, kule kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, ile ya pamanganeti na oksaleti. Ile oksaleti lazima uipashe moto, nyuzi 70 hivi, ndipo uanze kudondosha. Ukiiacha ya baridi, rangi ya tone la kwanza inagoma kupotea, mtoto anadhani tayari, anaandika namba ya ajabu. Halafu kusoma bureti, ule mrija wenye vipimo: mwaka mzima wamezoea kusoma kile kibonde cha chini cha uso wa kimiminika, lakini pamanganeti ina rangi nzito, chini huoni kitu, inabidi usome ukingo wa juu. Haya hayakaririwi kwenye madesa, ni mazoea ya mkono. Na mjini hapa mwenye ufunguo wa maabara ni nani? Ni huyo huyo mwalimu wa shule mnayetaka kumfungia.

Mwana wa Nansio

Mwalimu shikamoo. Mimi ni zao la hizo tuisheni, sasa nasoma udaktari Bugando. Likizo nilikuwa napanda meli kutoka Ukerewe, nafikia kwa shangazi Kirumba kwa ajili ya pindi tu. Mwalimu tuliyekuwa naye alikuwa moto, ogani aliishusha mpaka ukaiona ya kawaida. Ila chumba kizima hakikuwa na bureti hata moja! Titresheni tulichorewa ubaoni: huu mrija, hii chupa, hapa rangi inabadilika. Tukanakili, tukalipa.

Kwa hiyo mwalimu uko sahihi kuhusu maabara, ila hoja yako inakugeukia mwenyewe. Pindi za kulipia nilizoziona zote zilikuwa za pepa la kwanza na la pili, na hayo nyenzo zake ziko bure. NECTA, Baraza la Mitihani, wanaweka kwenye tovuti yao mitihani iliyopita pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na vipande vya majibu mazuri na mabovu vimebandikwa humo. Sisi tulikaa kikundi tukazisoma hizo taarifa, tukajua wanaosahihisha wanataka nini. Wazazi wengi hawajui kama zipo, na sijawahi kusikia mwalimu wa pindi akizitangaza.

Mzazi wa Igoma

Kijana, hongera. Lakini si kila mtoto ana kichwa cha kukaa na taarifa ya Kiingereza kurasa zote hizo bila mtu wa kumwongoza. Wangu nilimlipia, akapanda kutoka S, ile iliyo juu ya F tu, hadi C. Mnajua S ya kemia haikupeleki kwenye udaktari hata upate A kwenye mengine. Leo mniambie nilikosea kulipa?

Mama PCB (mtoa mada)

Baba wa Igoma, hukukosea, na mimi pia nalipa. Ningemwachaje mtoto na mtihani ni Mei? Hilo ndilo linaloniuma: nalipa kwa kuogopa.

Mwalimu wa Nyamanoro, umenifundisha jambo na nakushukuru. Ila huo ufunguo unaousema si wako. Maabara ni ya umma, kemikali ni za umma. Ukiniambia wewe pekee ndiye unayeweza kuifungua, basi ndiyo sababu hasa ya kutoruhusiwa kuiuza jioni. Fungueni maabara Jumamosi kwa wote, aliyelipa pindi na asiyelipa wapange foleni moja.

Mwalimu wa Nyamanoro

Nakubali foleni moja. Sasa nijibu mawili. Hiyo Jumamosi yangu ananilipa nani? Na kemikali? Kila zoezi linakula asidi, linakula pamanganeti, na bureti zinavunjika. Zilizopo tunazibana kwa ajili ya mtihani wa utamilifu na wa taifa.

Mzazi wa Igoma

Wazazi tuchange kupitia kamati, mwalimu apewe posho, kila mtoto aingie.

Mama PCB (mtoa mada)

Na wasiochanga?

Mzazi wa Igoma

Waingie pia. Nimesema kila mtoto.

Fundi wa Igogo

Muhula wa kwanza wataingia. Muhula wa pili mtaanza kuita majina mlangoni, tunajuana.

Mama PCB (mtoa mada)

Fundi, hofu hiyo ninayo pia. Kwa hiyo mchango ukipita, orodha ya waliochanga akae nayo mhazini wa kamati, isifike maabara kabisa. Mwalimu, kwa sharti hilo unakuja Jumamosi au huji?