Ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua: uwe lazima, au kila mnunuzi ajitegemee?

Mtoa mada (Dar es Salaam)

Wakuu, naomba tuijadili hii kwa uzito wake. Mtu wa Dar akitaka kununua nyumba huhangaika na hati mpaka jasho limtoke. Atafanya upekuzi Ardhi, atamwona mwenyekiti wa serikali ya mtaa, atawadodosa majirani kama kuna mgogoro wa mirathi, atahakikisha mwenza wa muuzaji ameridhia. Sawa kabisa. Lakini nyumba yenyewe ataitazama nusu saa, tena juani, na dalali pembeni anamwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni.

Mimi niliingia hivyo hivyo. Mwaka 2021 nilinunua nyumba upande wa Goba kwa mkopo. Benki ikaleta mthamini, akapima vyumba, akapiga picha, akaandika ripoti, nami nikaamini nyumba imekaguliwa. Masika iliyofuata ufa ulitokea kwenye kona ya dirisha la chumba cha watoto, ukashuka kwa ngazi ngazi kufuata tofali hadi kwenye msingi. Tulipobandua rangi tukakuta ufa ni wa zamani, umezibwa kwa plasta. Mhandisi niliyemwita akachimba pembeni akanionyesha: msingi umekaa juu ya kifusi kisichoshindiliwa.

Mthamini hakunidanganya. Kazi yake ni kuiambia benki nyumba ile ina thamani gani sokoni, na ikibidi kuiuza itarudisha kiasi gani. Uimara wa msingi hakuupima. Tofauti hiyo hakuna aliyenieleza, nikasaini mkopo wa miaka mingi.

Hoja yangu: nyumba yoyote ya mkopo iwe na ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iwe sharti kama uthamini ulivyo. Na mhandisi huyo achaguliwe na mnunuzi, asiletwe na dalali.

Fundi, Tabata

Kaka, pole sana. Ila sharti lako litamuumiza mnyonge. Tayari analipa mthamini, mwanasheria, dalali na ada za uhamisho, leo unamwongezea mhandisi. Matokeo yake ripoti zitaanza kuuzwa mezani, zimeshagongwa muhuri kabla mtu hajafika kwenye nyumba.

Mimi nina miaka ishirini kwenye ujenzi. Fundi mwaminifu atakuonyesha mengi. Mwambie apande darini na tochi aangalie kenchi: mbao isiyo na dawa mchwa huianzia kwenye maungio. Akwaruze tofali kwa msumari mahali pasipo na plasta, likimwagika kama mchanga ujue saruji iliibiwa. Afungue mfuniko wa karo la maji machafu. Afungulie bomba zote kwa pamoja. Nyumba za ukanda wa bahari ashike ukuta chini, kiasi cha goti, aone kama plasta inapukutika kwa chumvi. Na nendeni siku ya mvua. Mvua haihongeki.

Mhandisi wa majengo, Dodoma

Fundi amesema kweli nyingi, nami kila mara naenda na fundi kwenye kazi hizi. Ila wanunuzi wengi wanatarajia nisichoweza kuwapa, na hilo linaleta ugomvi baadaye.

Ukaguzi wa kawaida ni wa macho na vipimo vyepesi. Siwezi kubomoa ukuta wa muuzaji nihesabu nondo. Nikiona ufa nitakuambia upana wake, unaelekea wapi, na kama unafanana na wa plasta au wa msingi kutitia. Nikiushuku msingi nitaandika kwamba pachimbwe, na hiyo ni kazi nyingine yenye gharama yake. Sikuhakikishii kwamba paa halitavuja miaka mitano ijayo. Wala sikuambii nunua au acha.

Unachostahili kudai ni hiki: nikae kwenye nyumba saa kadhaa, nawe uwepo unifuate nyuma chumba kwa chumba. Ripoti iwe na picha, itenganishe lililo hatari leo, kama kukatika kwa waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme wa hitilafu, na lile la kurekebisha taratibu. Iseme pia sehemu ambazo sikuzifikia na kwa nini. Ripoti isiyotaja mipaka yake iogope.

Mchangiaji, Nairobi

Na sisi wa fleti je? Nikikagua nyumba yangu ghorofa ya nne, nguzo za chini atazikagua nani? Jengo la Huruma, hapa Nairobi, lilianguka Aprili 2016 likaua watu karibu hamsini. Kariakoo, Dar, nako jengo lilianguka Novemba 2024. Hapo ripoti ya mnunuzi mmoja haisaidii kitu. Kazi ni ya serikali kukagua jengo zima. Nahofia tukisema mnunuzi ajikague, tunamwondolea mwenye dhamana mzigo wake.

Wakili, Mwanza

Mtoa mada, soma Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 17 kinasema kukaa kimya tu kuhusu jambo si ulaghai, ila pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema. Kuziba ufa na kuupaka rangi ni zaidi ya kukaa kimya, hapo una hoja. Lakini kifungu cha 19 kinaweza kukurudia: kama ungeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, kuuvunja mkataba kunakuwa kugumu. Kwa hiyo asiyekagua anajidhoofisha hata mahakamani. Kabla hujalipa, mwandikie muuzaji maswali, naye ajibu kwa maandishi.

Mchangiaji, Boston

Huku Massachusetts ukaguzi si lazima. Tatizo lilikuwa wauzaji kuwapendelea wanunuzi wanaokubali kuuacha. Tangu Oktoba 2025 muuzaji wa nyumba ya kuishi haruhusiwi kukushurutisha uuache ndipo akuuzie. Sheria imelinda nafasi ya kukagua, uamuzi umebaki kwa mnunuzi.

Mtoa mada

Ndugu wa Boston, umenigusa. Nikikumbuka vizuri, kilichoniponza hasa ni yule mteja wa jioni. Ningepewa siku saba kwa maandishi, malipo ya awali yakarudishwa ukaguzi ukionyesha kasoro, ningemwita mhandisi kwa hiari yangu. Kwa hiyo sharti kwa wote nalilegeza, hoja ya fundi kuhusu mihuri ya mezani ni nzito. Kwa nyumba za mkopo bado sijashawishika: benki inajilinda kwa ripoti ninayoilipia mimi, nami nabaki gizani. Angalau ukurasa wa kwanza wa ripoti ya uthamini uandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka kwamba uimara wa jengo haukukaguliwa.

Wakili, siku hizo saba zinaweza kuandikwa kwenye mkataba wa mauziano leo, bila kusubiri sheria mpya? Na muuzaji akizikataa?