Jina halilingani, RFC (namba ya mlipakodi ya hapa Mexico) imekwama: nani amepitia haya?

Dada wa Pwani (Oaxaca): Wanandugu, habari za siku. Nimerudi dirishani mikono mitupu. Pasipoti yangu ina jina langu, la baba na la babu. Kadi ya ukaazi imefanya la babu kuwa ukoo, la baba likawa jina langu la pili, na CURP (namba ya utambulisho) ikaweka X penye ukoo wa mama. Leo karani wa kodi anautaka huo ukoo wa pili. Nikamwambia kwetu hatuna. Akanitazama: "Señora, kila mtu ana mama." Nimjibu nini?

Swali langu hasa: gesti yangu ina vyumba vitatu, ila wageni wanapenda zaidi darasa la jikoni. Tunachemsha mahindi na chokaa, tunasaga, tunafunga tamales kwenye majani ya mgomba. Je, hilo linaingia RFC pamoja na malazi, au ni shughuli ya pili?

Kijana wa CDMX (Jiji la Mexico): Pole dada. Ingia RESICO, ule mfumo wa kodi ya wafanyabiashara wadogo, kodi ndogo, biashara imekwisha.

Mama wa Veracruz: Kijana, usimpotoshe mwenzio. RESICO haipokei mapato yanayopitia programu za kupangisha. Ukiwapa wenye programu RFC, wanakata ISR (kodi ya mapato) 4% na IVA (kodi ya ongezeko la thamani) 8%. Usipowapa, 20% na 16%. Ndiyo maana anahangaika! Juu yake kuna kodi ya malazi ya jimbo, na RNT, rejista ya taifa ya utalii. Halafu dada, wewe ni temporal (mkaazi wa muda) au permanente (wa kudumu)? Temporal bila kibali cha kazi, hata hiyo RFC haikutoshi.

Kijana wa CDMX: Shikamoo mama. Dada hajasema wageni anawapata kwenye programu. Tusome kwanza.

Mama wa Veracruz: Marahaba. Nimesoma.

Mzee wa Guadalajara: Mimi pasipoti yangu ina "bin" katikati. Walipoandikisha wakaona huo ndio ukoo, na hadi leo bili ya umeme inakuja kwa Señor Bin. Mke wangu huniita hivyo nikimuudhi. Sikurekebisha, niliogopa wakigusa karatasi moja wataharibu tatu. Dada, anza na uhamiaji. Kadi ndiyo mama wa karatasi zote, CURP inaifuata.

Shangazi wa Oaxaca mjini: Mimi pia napokea wageni. Novemba mwaka jana, Siku ya Wafu, walitaka kwenda makaburini na kamera. Nikawaambia kwanza kaeni, tupange altare, meza ya marehemu: maua ya cempasúchil, maji, chumvi, mkate wa pan de muerto. Jirani akaleta mchuzi wa mole, mimi nikamwekea marehemu baba kahawa chungu na tende. Kwetu tungemsomea hitma. Nilitoka nje, nikajifanya natafuta kuni. Wageni wakaenda makaburini jioni bila kamera, wakakaribishwa mezcal, pombe ya huku, na wenye kaburi.

Kijana wa CDMX: Huku Julai 2025 watu waliandamana mitaa ya Condesa na Roma, kodi za nyumba zimepanda kwa sababu ya wageni. Sisi wenye gesti hatumo kweli?

Mama wa Veracruz: Usinilinganishe na mtu anayelipwa dola akiwa kitandani. Mimi nanunua soko hilohilo.

Mzee wa Guadalajara: Mbona hamsemi ya Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca? Katiba imewatambua Waafrika-Wameksiko 2019, sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni mbili na nusu, na bado mtu wa Cuajinicuilapa, mji wa huko, anasimamishwa barabarani aimbe wimbo wa taifa athibitishe ni wa hapa. Wapelekeni wageni wenu waione Danza de los Diablos, ngoma yao ya mashetani, si ufukwe tu.

Dada wa Pwani (Oaxaca): Asanteni nyote. Ni temporal, na kibali nimeomba: wanataka nionyeshe RFC. Na watu wa RFC wanataka jina. Uhamiaji nitakwenda Jumatatu kama alivyosema Mzee. Lakini darasa la jikoni?

Shangazi wa Oaxaca mjini: Mwanangu, hilo darasa usiwape agua de jamaica ya sukari nyingi. Ni choya ileile ya kwetu, tia tangawizi na iliki. Wangu wanaomba jagi la pili.

Kijana wa CDMX: Shangazi, iliki unaipata wapi? Huku wananiuzia kwa bei ya dhahabu.