Ati koili ya kebo "imekunjwa bure"! Kaikata kwa koleo, jamani, KAIKATA

Mita Arubaini (mwenye uzi)

Wakuu, naandika damu bado inachemka. Fundi yule. Simtaji, hana haja ya kutajwa, kila mwenye waya juu ya bati kuanzia Bububu mpaka Fuoni anamjua: yule ambaye kila kifaa kwake ni king'amuzi. Leo kapanda mpaka katikati ya dipoli yangu (ile antena ya waya ya redio ya kuongea na watu wa mbali), kaiona koili ya kebo, kaitazama kidogo, katoa koleo la kukatia misumari, KRAK. Halafu akasema kwa sauti ya daktari bingwa: "Waya huu umekunjwa bure, ndiyo maana redio yako haifiki mbali."

Bure!

Mizunguko 16 ya RG-58 (kebo nyembamba ya antena) juu ya bomba la plastiki la milimita 110. Karibu mita 6 za kebo, kila mzunguko umelala ubavuni mwa mwenzake, hakuna uliopanda juu ya mwingine, kwa sababu mzunguko wa mwanzo ukikaribiana na wa mwisho koili inapoteza nguvu yake. Imebanwa kwa vifungo vya plastiki juu na chini. Hata mtoto wa darasa la kwanza akiiona ile atasema kuna mtu aliyekaa akapanga. Yeye kaona waya uliobaki mtu akaona uvivu kuukata.

Na kwa wale watakaokuja kusema "labda kweli haikuwa na kazi", nasema mapema. Dipoli ina mikono miwili, kwenye bendi ya mita 40 (ndio urefu wa wimbi lake) kila mkono kama mita 10. Kebo ya koaksia nayo ina waya wa kati na wavu wa nje, na ule wavu una sura mbili: ya ndani na ya nje. Mkondo ukifika pale juu unaona njia tatu: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na ngozi ya nje ya wavu, ambayo inateremka na kebo mpaka mezani kwako. Koili inaziba ile njia ya tatu. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Mawimbi yanayopita ndani ya kebo hayajui hata kama koili ipo.

Sasa haipo. Kasokota waya wa kati kwa waya wa kati, wavu kwa wavu, kazungushia tepu nyeusi ya fundi umeme, kashuka, kadai hela ya "marekebisho".

Matokeo: SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1 ndiyo safi) iliyokuwa 1.3 kwenye 7.100 MHz imepita 3, na ukiishika kebo kwa mkono inabadilika. Kipimo kinachobadilika ukigusa kebo maana yake kebo yenyewe imeshakuwa antena. Redio inajipunguzia nguvu ili transista zake zisiungue. Maikrofoni inachoma midomo. Taa ya LED ya ukumbini inameta kwa kila silabi. Nikibonyeza kitufe mtaa mzima unajua nimesema nini isipokuwa yule ninayemwita.

Koleo la misumari. Kwenye koaksia. "Imekunjwa bure." Wallahi nikifumba macho naisikia ile krak.

---

Mlingoti wa Mnazi

Pole sana ami. Usirushe hata wati 5 mpaka uufungue ule msokoto. Pale pana nyuzi za wavu zilizochomoza, moja tu ikigusa waya wa kati ushapata shoti, na ikigusa nusunusu ndiyo mbaya zaidi, maana leo itapima vizuri na kesho upepo ukivuma itapima vibaya.

Pima hivi. Chomoa kebo kwenye redio, chomoa na dipoli kule juu. Weka multimita kwenye omu, gusa waya wa kati na wavu: isisome kitu, hata sifuri. Ikisoma chochote, msokoto umegusana au maji yameshaingia. Halafu unganisha waya wa kati na wavu kule juu kwa kipande cha waya, upime tena huku chini. Kwa mita 20 za RG-58 nzuri utapata karibu omu 1, ukishatoa upinzani wa nyaya za multimita yenyewe. Ikija 4 au 5, wavu umeoza.

Kisha kata nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Wavu ukiwa mweusi au kijani, kata tena, usiuonee huruma. Weka konekta ya PL-259 kila upande pamoja na kile kipunguzi chake cha kebo nyembamba, katikati tia kiungio chenye matundu mawili. Chuma cha kulehemia kisipungue wati 60. Cha wati 25 kinakaa sana juu ya konekta, mwili wake haupati joto upesi, plastiki ya ndani inayeyuka na waya wa kati unahama. Juu yake tepu ya mpira inayojigandisha, uivute mpaka urefu wake uwe karibu mara mbili, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Tepu nyeusi iwe ya juu kabisa, kazi yake ni kuzuia jua tu. Ile peke yake haizuii maji, masika moja tu inaachia gundi.

---

Kitufe Kimeganda

Swali moja tu mkuu. Ngazi aliishika nani?

---

Mita Arubaini

Ngazi haikumwambia akate! Kapewa kazi ya kukaza kamba ya mlingoti. KAMBA. Koili iko nusu mita kutoka kwenye kamba. Kaiacha kamba imelegea vile vile, kaenda kukata koili.

---

Kitufe Kimeganda

Kwa hiyo kamba bado imelegea? 😂😂😂 Na hela kachukua?

---

Chumvi ya Kusi (Pemba)

Nyinyi wa Mjini mna raha, mna fundi wa kumlaumu. Huku Wete konekta moja inangoja boti, na ikifika ni ile ya bei poa ambayo plastiki yake ya kati inayeyuka ukiisogezea joto tu. Ukishamaliza kulehemu pini inacheza. Nunueni zenye kihami cheupe cha tefloni, zile zinavumilia. Na upepo wa kusi ukianza, chumvi inatua kila mahali. Kiungo kisichozibwa wavu wake unakuwa kijani mpaka mita nzima kwa ndani, kwa sababu maji yanapanda katikati ya nyuzi za wavu, hayaishii pale mlangoni. Acheni na mkunjo wa chini kabla kebo haijaingia ndani ya nyumba, maji yadondokee pale.

---

Bendi Imefunga

Mimi nitasema ambalo hamtaki kusikia. Fundi ni mshenzi, sawa, lakini mnamwacha mwizi mkubwa. Yule muuza kebo. Mnamjua, msijifanye. Anayeuza "RG-58 orijino" kwa mita na anaapa kwa kila kiapo.

Ichuneni ile kebo. Wavu wake mwembamba mpaka plastiki ya ndani inakuchungulia. RG-58 ya kweli wavu wake ni shaba iliyopakwa bati na imefunika karibu pote. Hii yake ni alumini: utachoma lehemu mpaka adhuhuri haishiki, inateleza na kuwa vidonge. Na waya wa kati sogezea sumaku. Ukivutwa, ni chuma kilichopakwa shaba nyembamba. Kwenye masafa ya juu sana ingevumilika, mkondo unapita kwenye ngozi ya shaba tu. Kwenye mita 80 na mita 40 ngozi ile haitoshi, mkondo unazama mpaka kwenye chuma na nguvu yako inageuka joto.

Koleo limekata mita 6. Yule bwana katukata visiwa vyote viwili.

---

Mlingoti wa Mnazi

Hapo kwa muuza kebo umenigusa kidonda. Na mwengine asije hapa akasema "lakini kwangu inapima SWR nzuri". Kebo mbovu INAPIMA nzuri! Mawimbi yanayorudi yanaliwa njiani kabla hayajafika kwenye kipimo. Ukitaka ukweli funga mzigo bandia wa omu 50 (kinachomeza nguvu badala ya antena) mwisho wa kebo, pima wati mwanzo wa kebo na wati mwisho wa kebo. RG-58 nzuri, mita 20, kwenye 7 MHz hasara haifiki desibeli 1. Kwenye 145 MHz hata nzuri inakula zaidi ya nusu ya nguvu yako, kwa hiyo huko juu tafuta RG-213, ile nene, usimlaumu mtu.

---

Mita Arubaini

Jamani uzi huu ni wa KOLEO. Kebo yangu ilikuwa nzuri, shaba tupu, sumaku haikuigusa, ndiyo maana roho inaniuma! Mtu kakata kebo nzuri kwa koleo halafu kasema imekunjwa bure. Bure! Hakuna anayeliona hili?

---

Tofali la Feraiti

Tunaliona. Lakini nikuambie kwa nia njema, koili ya hewa, hiyo ya bomba tupu, yenyewe ni kazi ya kizamani. Inafanya vizuri kwenye bendi moja, ukihamia mita 15 inakuwa pambo. Chukua duara la feraiti (kauri ya sumaku) saizi ya FT240, la mchanganyiko namba 31, pitisha RG-58 mara 12. Hilo linashika vizuri mita 80 mpaka mita 20, na juu yake bado lina kazi. Dogo, jepesi, halibebi upepo, na fundi hawezi kuliona akaliita waya uliokunjwa.

---

Mita Arubaini

Sikuuliza koili gani ni bora! Na hilo duara linauzwa wapi hapa? Darajani? Bomba la plastiki lipo kila duka la vifaa vya maji. Koili ile ilikuwa ya mita 40 na ilikuwa inafanya kazi ya mita 40 mpaka ilipokutana na lile koleo.

---

Kitufe Kimeganda

Mkuu poa. Bomba limebaki zima au kalikata nalo?

---

Bendi Imefunga

Feraiti nazo! Yule yule muuza kebo anauza vile vibanio vya kijivu vya kubana juu ya waya, hata namba havina. Kibanio kimoja juu ya kebo ni sawa na mzunguko mmoja tu, kwenye 7 MHz hakifanyi kitu. Kizuizi kinaongezeka kwa mraba wa mizunguko: ukipitisha mara 2 unapata mara 4, mara 3 unapata mara 9. Yeye anakwambia bana kimoja, maliza. Muongo.

---

Chumvi ya Kusi (Pemba)

Tukiwa kwenye feraiti, nisaidieni mimi. Jirani yangu kafunga sola, tangu hapo mita 40 ni mngurumo wa S9, mkali kweli, kutwa nzima. Magharibi ikiingia unakatika wenyewe. Namwambia, ananijibu ati sola haina umeme wa kuingilia redio. Fundi aliyemfungia ndiye aliyemfundisha maneno hayo, na fundi huyo anatamba Chake nzima.

---

Tofali la Feraiti

Huo ni kontrola, kile kifaa cha kuchajia betri kutoka kwenye paneli, huna haja ya kubahatisha. Paneli ziko juu, waya mrefu unateremka, kontrola inakatakata umeme kwa kasi kubwa na ule waya wa paneli unakuwa antena ya kurushia kelele. Lakini kwanza jisafishe wewe. Endesha redio kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba yako. Mngurumo ukibaki, si wako. Kisha chukua redio ndogo ya AM, tembea nayo kuelekea kwake na umwite asikilize mwenyewe.

---

Mlingoti wa Mnazi

Dawa yake: waya chanya na waya hasi wa paneli visokotwe pamoja tangu juu mpaka chini, visiachane hata kidogo. Wengi wanapitisha chanya huku na hasi kule, pale katikati wameshatengeneza duara kubwa la kurushia. Halafu nyaya zote mbili PAMOJA zipite kwenye feraiti karibu na kontrola, mara nyingi kadiri unene unavyoruhusu, upande wa paneli na upande wa betri pia. Ukipitisha mmoja peke yake feraiti inashiba kwa mkondo na haifanyi kazi.

---

Bendi Imefunga

Kontrola yake ni PWM (aina ile rahisi) au MPPT (aina ile ya kisasa zaidi)? Za MPPT za bei poa ndizo balaa, ndani hazina hata kichujio, nafasi yake imechorwa kwenye bodi na kifaa hakijawekwa.

---

Chumvi ya Kusi (Pemba)

Imeandikwa MPPT kwa nje.

---

Bendi Imefunga

Kwa nje! Zipo tele zinaandikwa MPPT na ndani ni PWM tupu. Ifungue, angalia kama kuna koili kubwa ya waya mnene. Kama haipo, si MPPT. Na kabla ya kuifungua akate paneli kwanza, betri mwisho. Wakati wa kurudisha aanze na betri, paneli baadaye. Akigeuza ataiunguza. Tuma picha ya bodi.