Rangi nene ya mafuta inajikunja na kupasuka, tatizo liko wapi?

povu_la_bahari: Wakuu, salaam. Nachora picha ya bahari; povu la mawimbi nalijenga kwa kisu cha kupakia rangi, unene kama milimita 5, rangi nikiilainisha kwa mafuta ya kitani. Baada ya wiki mbili juu pamekauka ila pamejikunja kama utando wa maziwa, na kando kuna nyufa. Halafu povu lenyewe limekaa kama plasta, halina mwendo.

turubai_kavu: Mafuta uliyoongeza ndiyo yanayokuponza. Rangi hii haikauki kama maji; inavuta oksijeni, na hewa inaanzia juu. Juu panaganda na kutanuka huku chini kungali kubichi, basi panajikunja. Itumie ilivyotoka kwenye tyubu. Ikiwa na mafuta mengi, iweke kwanza juu ya kipande cha boksi kama nusu saa kinyonye ya ziada. Usizidishe, rangi iliyokaukiwa mafuta huwa tete.

Nyufa mara nyingi ni tabaka linalowahi kukauka kupakwa juu ya linalochelewa. Chini paka nyembamba, iliyopunguzwa kwa tapentaini, ikauke. Jenga povu kwa matabaka ya milimita 2 hivi. Soma na lebo ya tyubu: nyeupe yenye zinki hukakamaa ikizeeka, chukua ya titani tupu.

brashi_ngumu: Kuhusu plasta: kisu kinaacha uso bapa, na wewe umeneneshea kila mahali. Tazama picha "Bibi-arusi wa Kiyahudi" ya mchoraji Mholanzi Rembrandt: mkono wa nguo ya mwanamume umejaa rangi kama umefinyangwa, lakini nyuma yao ni giza jembamba. Unene unapewa mwanga. Ukinenesha rangi ya giza, matuta yake yanadaka mwanga na giza linafifia, kwa hiyo maji ya kina yapake membamba.

Povu lipige kwa brashi bapa ya manyoya ya nguruwe, ukifuata wimbi linakovunjikia. Jaza brashi, pigo moja, inua, usirudie. Ukirudia unalaza matuta na buluu ya chini inapanda kuchafua nyeupe. Kisu kibakize kwenye ncha za wimbi tu. Kisha weka taa ubavuni mwa picha, utaona matuta yanaelekea wapi.

povu_la_bahari: Palipokwisha kujikunja je? Nipake juu?

turubai_kavu: Hapana. Kungali laini chini, kwangua pote mpaka tabaka kavu, ufute, uanze upya. Vanishi ya mwisho, ile ya kulinda picha, isubiri miezi 6 hadi 12, kwenye unene zaidi ya hapo.