Nitajuaje niko tayari kupanda levo kwenye Pilates bila kuumiza kiuno?

bintiTabata:
Habari zenu wadau. Nafanya Pilates, yale mazoezi ya mkekani ya kuimarisha tumbo na mgongo, nyumbani kwa kufuata vidio, simu nimeiegemeza kwenye mguu wa kiti na mkeka wangu basi. Nilianza kwa sababu ya kiuno, nikimbeba mtoto au nikikaa sana ofisini kilikuwa kinawaka moto, sasa hivi kimetulia namshukuru Mungu. Mazoezi ya mwanzo nayamaliza, lile la kupigapiga mikono mpaka mia magoti yakiwa yamekunjwa, la kunyanyua makalio, la kuvuta goti moja moja. Sasa programu yenyewe ni ya wiki nne na baada ya hapo inahamia levo ya pili, nimechungulia nikakuta mwalimu amekalia makalio tu miguu yote imenyooka hewani, halafu kuna lingine analala chali anapitisha miguu juu ya kichwa mpaka vidole vinagusa chini kule nyuma. Anachosema ni "kama uko tayari tuendelee". Huko kuwa tayari ndo nakujuaje? Sina mwalimu wa kunisimamia, madarasa niliyoulizia bei yake siiwezi. Nilijifungua kwa operesheni, mtoto ana mwaka na nusu. Naombeni msaada maana kiuno kilivyonitesa sitaki kurudi kule.

fizio_pwani:
Dada hongera, na umefanya vizuri kuuliza kabla, wengi wanapanda kwa sababu wiki zimeisha tu. Wiki nne ni ratiba ya aliyerekodi vidio, mwili wako hauijui. Mimi ni fizio, yaani natibu misuli na viungo kwa mazoezi, niko Mombasa, na ninachowaambia watu ni kwamba kulimaliza zoezi si hoja, hoja ni umelimaliza vipi.

Pumzi husema mapema kuliko kitu chochote. Lile la mia lina hesabu yake, unavuta kwa tano unatoa kwa tano, mara kumi, sasa ukiona kufika katikati umeanza kubana pumzi ili tumbo lishike basi levo uliyopo bado ina kazi na wewe. Halafu tumbo lenyewe, na kwako uliyejifungua hili ndo kubwa: ukiinua kichwa na mabega tazama pale katikati kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, likichongoka juu kama paa la banda ujue misuli ya pande mbili haijashikana vizuri na presha yote inasukuma pale. Hapo usiongeze chochote, punguza, laza kichwa au teremsha mguu mmoja mpaka ufanye tumbo likiwa bapa. Operesheni haikuepushi na hilo, misuli huachana wakati wa mimba yenyewe.

Sasa jaribu hiki leo jioni. Lala chali, inua miguu, mapaja yasimame wima na magoti yamekunjwa, ingiza viganja chini ya kiuno pale penye uwazi. Toa pumzi, teremsha mguu mmoja polepole mpaka kidole kiguse mkeka, rudisha, badili. Uzito unaousikia kwenye viganja usibadilike. Mgongo ukinyanyuka viganja vikabaki huru, au nyonga ikayumba, basi misuli ya ndani imeachia na kiuno ndo kimebeba mzigo. Ukiweza mara nane hadi kumi kila mguu, taratibu, pumzi inatembea, kulia na kushoto sawasawa, basi nyoosha mguu kidogo zaidi unapoteremsha. Hiyo tayari ni kupanda levo! Mguu ulionyooka ni mzito kwa tumbo kuliko uliokunjwa ingawa ni mguu uleule, na kadiri unavyoushusha karibu na sakafu ndo unazidi kuwa mzito. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja kwa wakati, ama urefu, ama kushusha, ama idadi. Vidio nyingi zinabadilisha vyote kwa siku moja na hapo ndo watu huumia.

Cha kukusimamisha kabisa ni maumivu ya kuchoma, ganzi inayoteremka mguuni, au mkojo kuchuruzika ukijikaza. Huo mkojo wanawake wengi wanaambiana ni kawaida ukishazaa. Usiunyamazie, mara nyingi unatibika kwa mazoezi, nenda ukaonwe.

KevWaRongai:
Nakubaliana na fizio kwa hayo yote ila niongeze upande wa pili, kuna watu huogopa mpaka wanakwama. Mwili ukishazoea zoezi hauongezi nguvu tena, na nimeona watu wakifanya yale yale mwaka mzima wakisema ni usalama. Kama unafanya huku unawaza tu chakula cha jioni na tumbo halihisi kitu, songa. Lakini songa nusu nusu. Hilo la miguu hewani usilijaribu lote mara moja, anza umekaa, magoti yamekunjwa, nyayo ziko chini, shika nyuma ya mapaja, egemea nyuma kidogo utulie hapo bila mgongo kuporomoka. Ikikaa poa inua mguu mmoja, halafu yote miwili ikiwa bado imekunjwa. Kunyoosha ni mwisho kabisa, na kuna watu misuli yao ya nyuma ya paja imekaza hawatawahi kunyoosha yote na hakuna shida yoyote.

Pia jirekodi na simu ukiwa umekaa upande, si kwa mbele. Kwa mbele kila mtu huonekana sawa, kwa upande ndio utaona kidevu kimetoka nje na kama unajirusha. Kujirusha ndio kitu ya kuangalia sana sana. Panda ukihesabu hadi nane, shuka ukihesabu hadi nane. Ikikataa polepole basi ulikuwa unabebwa na kasi, nguvu bado haijafika.

shangazi_wa_Moshi:
Wanangu hamjambo. Mimi nafundisha akina mama watu wazima mazoezi ya mkekani, wengi wamepita miaka 60, na naomba niseme juu ya hilo la kupitisha miguu juu ya kichwa maana hamjaligusa na ndilo linalonitia hofu. Joseph Pilates mwenyewe, yule Mjerumani aliyezaliwa 1883 akahamia New York, alipoyachapisha mazoezi yake 34 ya mkekani mwaka 1945 hilo alilipanga la tatu. La tatu! Kwa hiyo zoezi kuwa mwanzoni mwa orodha hakumaanishi ni jepesi, na ukikutana na vidio inayofuata mpangilio ule linakufikia mwili haujapata hata moto.

Uzito pale unatakiwa uishie mabegani, ukiusikia shingoni rudi. Kabla sijamruhusu mtu nataka nione anainuka kutoka kulala mpaka kukaa, na anarudi chini pingili moja baada ya nyingine, miguu haijanyanyuka. Asiyeweza namwambia azungushie kanga nyayoni ashike ncha zake, magoti yamekunjwa kidogo, ajisaidie kwa mikono, na kadiri anavyopata nguvu mikono inafanya kazi kidogo zaidi mpaka kanga inabaki imelegea. Nikiiona imelegea ndipo naiondoa. Mwenye presha isiyotulia, presha ya macho, shida ya shingo, au mifupa iliyoanza kuwa myepesi, hilo la miguu kichwani namtoa kabisa, na mjamzito pia asiliguse. Mifupa ikiwa myepesi kukunja mgongo mbele kwa nguvu kunaweza kuvunja pingili, kwa hiyo hao nawapandisha kwa njia nyingine, wanalala kifudifudi wanainua kifua kidogo, au wanapiga magoti na viganja chini wananyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Hilo la magoti msilidharau, vijana wengi wenye tumbo la kuonesha wanayumba pale.

bintiTabata:
Shikamoo shangazi, na asanteni wote jamani. Nimejaribu ile ya viganja. Mguu wa kulia poa kabisa, wa kushoto ukishuka mgongo unanyanyuka na nyonga inakimbilia upande. Tumbo liko bapa nikilaza kichwa ila nikikiinua kuna kitu kinatokeza kidogo karibu na kitovu. Halafu kingine, nikishafanya mazoezi kesho yake naumwa mbele ya mapaja pale juu kabisa yanapoungana na nyonga, tumboni sisikii kitu. Hayo ndo yale maumivu mazuri?

fizio_pwani:
Maumivu ya misuli iliyofanya kazi huja kesho yake au keshokutwa, yanakuwa butu na yanaisha yenyewe ndani ya siku chache, hayana neno. Ila mahali yalipokaa ndo pa kutazama. Hapo mbele ya nyonga pana msuli unaoinua paja na unaanzia kwenye pingili za kiuno, sasa tumbo likichoka wenyewe ndo unashika kazi na unakivuta kiuno kipinde. Ukienda levo ya pili hivi ulivyo, miguu imenyooka yote, utakuwa unaupa huo msuli mzigo zaidi na kiuno kitalipa.

Kwa hiyo subiri kwanza. Rudi kwenye la mguu mmoja mmoja na usifike chini, ishia pale viganja bado vinasikia uzito, na kama kushoto inaishia nusu njia basi kulia nako fanya nusu njia. Lile la mia lifanye kichwa kikiwa chini. Mara tatu kwa wiki zatosha. Kushoto kukishafanana na kulia anza hiyo ya Kev, nyayo zikiwa chini.

Hicho kinachotokeza kitovuni muoneshe daktari kabla hujaongeza kitu chochote, yaweza kuwa ni misuli tu iliyoachana na yaweza kuwa ngiri, na kwa maandishi hapa hatuwezi kutofautisha. Hapo Dar ulizia kitengo cha fizio kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe. Ukifika mwambie akupime ukiwa unainua kichwa na mabega, maana ukilala umetulia hakionekani.