Hoteli ya Bibi Shinjuku

Kikundi: Safari ya Mahafali ya Idrisa

Salim (Dar): Assalaam alaikum ndugu zangu. Nimepata hoteli mjini Tokyo, katika eneo la Shinjuku, ambayo inatoza yen 13,000 kwa usiku, na tangazo lake linasema iko dakika nane tu kwa miguu kutoka stesheni. Hiyo ni kama nusu ya bei ya hoteli nyingine nilizoziona. Naomba idhini yenu niilipie leo hii, kwani tovuti inaonyesha vimebaki vyumba viwili.

Zuwena (Tanga): Waalaikum salaam. Nawakumbusha kwamba Mama ameketi nami hapa barazani na mimi ndiye ninayemsomea, kwa hiyo kila mtu aandike sentensi iliyokamilika. Jana nilishindwa kumsomea ujumbe wa Salim uliokuwa na herufi tatu na picha ya kidole gumba. Mama anauliza hiyo stesheni ni ya treni au ya mabasi.

Idrisa (Tokyo): Shikamooni nyote, na shikamoo Bibi. Ni stesheni ya treni, ingawa juu yake upande wa kusini kuna pia kituo kikubwa cha mabasi ya mikoani kilichofunguliwa mwaka 2016. Ami, nakuomba usilipe kwanza. Stesheni ya Shinjuku hupitisha zaidi ya abiria milioni tatu kwa siku, hakuna nyingine duniani inayoifikia, na ina milango ya kutokea zaidi ya 200 ukijumlisha na ile ya njia za chini ya ardhi. Mtu akikuambia hoteli iko dakika nane kutoka hapo, swali la kwanza ni dakika nane kutoka mlango upi. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimeagana na rafiki tukutane upande wa mashariki, mimi nikatokea magharibi, nikaburuta sanduku kwa dakika 40 nikitafuta pa kuvukia, na kumbe muda wote huo kilichotutenganisha kilikuwa ni reli tu. Siku hizi kuna njia ya kukatiza chini kwa chini, iliyofunguliwa mwaka 2020, lakini lazima ujue mahali inapoanzia.

Zuwena (Tanga): Marahaba, na Mama anakuitikia pia. Anasema dakika 40 kwa goti lake ni sawa na kumwambia atembee hadi Pangani.

Idrisa (Tokyo): Nimeitazama ramani ya tangazo la Ami. Hizo dakika nane zimepimwa kutoka Seibu-Shinjuku, ambayo ni stesheni ya kampuni nyingine, imejitenga upande wa kaskazini, na treni inayotoka uwanja wa ndege wa Narita haifiki hapo. Anayeshuka kwenye treni ya Narita atalazimika kuikata stesheni kubwa yote, kutoka nje, kisha ndipo azianze hizo dakika nane.

Mwalimu Hamisi: Idrisa, mwanangu, mtaa wenyewe unaitwaje? Nimeusoma kwenye tangazo kuwa ni Kabukicho, na kwa kuwa najua kabuki ni maigizo ya jadi ya Wajapani, nilidhani kwamba ni mtaa wa wasanii.

Idrisa (Tokyo): Baba, jina ndilo hilo, lakini kabuki yenyewe haikufika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulikuwapo mpango wa kujenga hapo ukumbi wa kabuki, mtaa ukapewa jina mapema, kisha ukumbi haukujengwa. Kilichokuja badala yake ni baa, kumbi za karaoke na taa zisizozimwa hadi alfajiri. Mtaa si wa kuibiwa ovyo, na watalii wengi hulala hapo bila tatizo. Lakini usiku wapiga debe husimama njiani wakivuta watu kuingia baa, licha ya vipaza sauti kuonya mchana na usiku kwamba wasifuatwe.

Salim (Dar): Mimi sioni ubaya, kwa kuwa Mama hatakuwa akitembea usiku. Aidha hoteli hii ina bei mbili, moja ya kulala na nyingine ya kupumzika kwa saa mbili, na nilifikiri ile ya kupumzika ingewafaa siku ya kuwasili iwapo mtafika kabla ya muda wa kupewa chumba.

Idrisa (Tokyo): Shangazi Zuwena, ujumbe huu nakuomba usiusome kwa sauti. Ami, hoteli yenye bei ya kupumzika si hoteli ya familia. Kwetu tunaziita gesti.

Mwalimu Hamisi: Salim, mdogo wangu, ifute hiyo hoteli.

Zuwena (Tanga): Mama ameniuliza kwa nini nimenyamaza ghafla. Nimemwambia kwamba Salim amebadilisha hoteli.

Salim (Dar): Nimeifuta, na naomba radhi kwenu nyote. Nimepata nyingine, iko upande wa kusini na karibu zaidi. Chumba ni mita za mraba 13 pamoja na bafu, kitanda kina upana wa sentimita 120, na bei ni yen 14,000. Tukichukua viwili, Kaka na shemeji watalala kimoja, Mama na Dada Zuwena kingine.

Zuwena (Tanga): Nimeingia chumbani na kutandika kanga juu ya kitanda cha Mama, ambacho ni cha futi tano kwa sita. Sentimita 120 ni futi nne kasoro kidogo, yaani upana wa kanga ukiongeza vidole vichache. Mama hulala ameupinda mguu wa kulia kwa ajili ya goti. Mimi nitalala wapi, juu ya sanduku?

Mama Idrisa: Na hayo masanduku yatafunguliwa wapi? Tukiondoa bafu, kitanda na kimeza, itabaki njia ya mtu mmoja, na mwenzake atakapotaka kwenda kutawadha itabidi mwingine apande kitandani ampishe.

Idrisa (Tokyo): Mama ameeleza jinsi ilivyo hasa. Kitanda cha namna hiyo huku huuzwa kama cha watu wawili, lakini ni cha mtu na nusu. Ami, tafuta chumba kinachoandikwa kuwa na vitanda viwili vilivyotengana, na kabla ya kulinganisha bei hakikisha umejaza idadi ya watu watakaolala, kwa sababu hoteli nyingi za Japani huhesabu bei kwa vichwa. Hizo yen 14,000 ni za mtu mmoja. Jaza watu wawili uone zinavyopanda.

Salim (Dar): Nimejaza, na kweli zimepanda. Basi kuna zile hoteli za vijumba vya kuingia kama droo. Wanasema zilianzia Osaka mwaka 1979, na bei yake inavutia mno.

Zuwena (Tanga): Nimemsomea. Mama anasema jeneza lake lipo msikitini na hana haraka nalo.

Mwalimu Hamisi: Ndugu zangu, tuirudie hoja. Tunakwenda kwa mahafali, na chuo cha Waseda kiko ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Shinjuku, ndiyo maana tulichagua eneo hili badala ya Ueno, ambako nasikia bei ni nafuu na treni ya Narita hufika moja kwa moja. Idrisa, kwa mtu mwenye mkongojo, upande upi wa Shinjuku unafaa? Usitupe majina ya hoteli kwanza. Tueleze mahali.

Idrisa (Tokyo): Baba, ningekuwa peke yangu ningechagua Shin-Okubo, kituo kimoja tu kaskazini kwa treni ya Yamanote, kwa sababu kuna uchochoro wa maduka ya watu wa Asia Kusini wanaouza nyama halali, iliki, mdalasini, bizari na mchele wa basmati, na hata mahali padogo pa kuswalia pamo. Lakini barabara yake kuu imejaa mikahawa ya Kikorea, na njia ya waenda kwa miguu ni nyembamba hivi kwamba siku za mapumziko vijana husonga bega kwa bega, Bibi atasukumwa. Hapo tuende kula tu.

Ninaloshauri ni Nishi-Shinjuku, yaani magharibi ya stesheni, kwenye majengo marefu ya ofisi. Mchana kuna wafanyakazi, na usiku pametulia kabisa. Njia za miguu ni pana na tambarare. Muhimu kuliko yote, basi la uwanja wa ndege husimama kwenye milango ya hoteli kadhaa za upande huo: Bibi ataketi Narita na kushuka hotelini, mzigo ukiwa tumboni mwa basi, bila kuigusa ile stesheni. Basi huchukua kama saa mbili kutegemea foleni, wakati treni ni kama saa moja na dakika 20, lakini kwa safari hii afadhali saa mbili za kuketi.

Mama Idrisa: Mimi nakubaliana na hilo. Je, siku ya mahafali tutafikaje chuoni?

Idrisa (Tokyo): Kwa teksi kutoka mlangoni, Mama, si mbali. Treni ni rahisi kwa sisi vijana, vituo viwili hadi Takadanobaba, lakini kutoka hapo bado kuna mwendo. Na mwambieni Bibi kwamba mlango wa teksi hujifungua wenyewe, asiuvute, maana dereva ndiye anayeufungua akiwa kwenye kiti chake.

Zuwena (Tanga): Mama ana maswali matatu. La kwanza, chooni kuna maji? La pili, msikiti uko wapi? La tatu, amesikia kwamba watu huko huoga pamoja wakiwa uchi, na anataka kuhakikishiwa kwamba jambo hilo halimhusu.

Idrisa (Tokyo): Bibi, maji yapo, tena ya uvuguvugu, yanatoka ndani ya choo chenyewe ukibonyeza kitufe, wala hutahitaji kopo. Msikiti mkubwa uko Yoyogi-Uehara, safari fupi kwa treni ya Odakyu kutoka Shinjuku. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1938, na huu uliopo sasa, wa mtindo wa Kituruki, ulifunguliwa mwaka 2000. Mabafu ya pamoja ni ya anayeyataka, na hata huko wanawake wana upande wao. Chumbani kuna bafu lako peke yako. Hofu yangu ni ukingo wa bafu hilo, kwa sababu katika hoteli ndogo bafu ni kama sanduku moja la plastiki, choo na beseni humo humo, na ili uoge huna budi kuuvusha mguu juu ya ukingo unaokaribia goti. Hapo ndipo wazee wanapoteleza.

Mwalimu Hamisi: Hilo kwangu lina uzito kuliko hata mtaa. Je, zipo hoteli zenye vyumba vilivyorahisishwa kwa wazee?

Idrisa (Tokyo): Zipo. Keio Plaza, ambayo iko huko huko magharibi na ilifunguliwa mwaka 1971 ikiwa na ghorofa 47, imekuwa na vyumba vya namna hiyo kwa miaka mingi, na basi la uwanja wa ndege husimama hapo. Bei yake si ya chini, Ami, sitakuficha. Mnakuja mwishoni mwa Machi, maua ya micheri yanapochanua, na wiki hizo Tokyo nzima hupandisha bei. Tuombe chumba cha Bibi kiwe ghorofa za chini, kwa kuwa tetemeko likipita lifti hujisimamisha zenyewe hadi zikaguliwe, na hatutaki ashuke ngazi za ghorofa 30.

Zuwena (Tanga): Tetemeko nimelisoma haraka haraka.

Salim (Dar): Nimeiona bei, na nimeketi chini. Hata hivyo nina pendekezo: tukipunguza usiku mmoja, tukakaa siku nne badala ya tano, gharama itakaribiana na ile ya hoteli ya kusini kwa watu wanne. Kaka, unasemaje?

Mwalimu Hamisi: Siku nne zinatosha. Mimi nitachangia chumba chetu, wewe ulipie cha Mama. Lakini viza bado hazijatoka, na ubalozi wa Japani utataka kuona ratiba yetu pamoja na mahali tutakapolala. Chukua bei inayoruhusu kughairi bila kukatwa, hata kama imezidi kidogo, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi za kusafiria, maana mapokezi watazikagua na kuzitolea nakala.

Idrisa (Tokyo): Na uchague vyumba visivyo vya kuvuta sigara. Umeme wa huku ni wa volti 100 na soketi ni za pini mbili bapa, kwa hiyo Shangazi anunue adapta huko. Birika la umeme asibebe. Hoteli nyingi huweka chumbani, na la nyumbani litachemsha kwa shida. Bibi akitaka bustani, kuna Shinjuku Gyoen, yenye maua hayo ya micheri. Kiingilio ni yen 500, lakini waliotimiza miaka 65 hulipa 250 wakionyesha pasi. Huku imeshafika saa saba usiku, naomba nikalale.

Zuwena (Tanga): Lala salama, mwanangu. Mama amefurahi kusikia kwamba kuna mahali duniani anapolipa nusu kwa uzee wake. Anauliza kama majani ya chai na tangawizi kavu vinaruhusiwa, kwa sababu birika lipo lakini hajasikia mtu akitaja chai.

Salim (Dar): Nadhani majani ya chai na tangawizi kavu iliyosagwa havina shida, ila asichukue tangawizi mbichi wala matunda, maana mimea mibichi hukaguliwa uwanjani na wanaweza kuvizuia. Ndugu zangu, nimeweka nafasi sasa hivi: vyumba viwili, kila kimoja vitanda viwili, usiku nne, upande wa magharibi, na tunaweza kughairi hadi wiki moja kabla bila kukatwa. Kuhusu ghorofa ya chini na ukingo wa bafu nimewaandikia ombi, na kesho Idrisa atawapigia simu kwa Kijapani ili wathibitishe. Dada Zuwena, msomee Mama.

Zuwena (Tanga): Ameshalala, na miwani iko usoni. Nitamsomea asubuhi.